Tablo nne za Obama na mke wake, na hakuna hata moja wako pamoja

Leo siandiki juu ya mbolea wala juu ya nafasi za kazi kwenye ma-ONG. Nataka tuongee juu ya tablo. Najua kuko watakaouliza: agronomu na mambo ya rangi vinakutana wapi? Muvumilie kidogo, vitakutana, tena kwenye majani.

Barack Obama na mke wake Michelle wamechorwa rasmi mara nne. Tablo mbili za kwanza zilifunuliwa tarehe 12 Februari 2018 katika National Portrait Gallery, moja ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington: Kehinde Wiley alimchora bwana, Amy Sherald akamchora bibi. Mbili nyingine zilifunuliwa katika Ikulu ya Marekani tarehe 7 Septemba 2022: Robert McCurdy kwa bwana, Sharon Sprung kwa bibi. Wachoraji wanne, tablo nne, zote kubwa, zote za uhalisia, kila moja kwa namna yake. Na hakuna hata moja ambamo hawa watu wawili wako pamoja.

Wakati ule wa 2018, tablo hizi zilipofika kwenye telefone zetu, mabishano yalikuwa juu ya kufanana. Bwana amefanana, bibi hajafanana, kwa nini ngozi yake ni ya kijivu, na kadhalika. Miye naona swali lile lilikuwa dogo. La kuuliza ni hili: ndoa iko wapi?

Tuanze na ile ya Wiley, maana njo inayonihusu zaidi kwa kazi yangu. Ina urefu wa sentimita 213 na upana wa 147, yaani inapita mlango wa kawaida. Obama amekaa kwenye kiti cha mbao, ameinama mbele, mikono imepishana juu ya magoti, kola iko wazi, hana kravati. Uso wake ni wa mtu anayekusikiliza na ambaye bado hajaamua kama anakubaliana nawe. Kama picha ya mtu mmoja, ni kazi kubwa. Maraisi wengi huchorwa na meza, na pazia, na karatasi mkononi. Huyu kapewa kiti tu, na nyuma yake ukuta mzima wa majani ya kijani ambayo yanakuja mbele mpaka yanataka kumfunika viatu.

Ndani ya majani yale kuko maua ya aina tatu, na yalielezwa wazi siku ile ile ya kufunua. Krisantemu ni ya Chicago, ambako siasa yake ilianzia. Yasmini ni ya Hawaii, alikozaliwa. Na ua la bluu, agapanto, linaloitwa pia yungiyungi la Afrika, ni la Kenya, kwa baba yake.

Hapo njo nilisimama.

Agapanto si mmea wa Kenya. Kwao ni kusini kabisa: Afrika Kusini, Lesotho, mpaka Msumbiji. Ukiukuta Kenya, umeletwa kwa bustani, na mtu wa maua njo aliupanda. Baba yake Obama alikuwa Mjaluo, na kijiji ambako amezikwa ni Nyang'oma Kogelo, katika Siaya, upande wa ziwa Viktoria. Kule kuko mtama, mahindi, mihogo. Kama mtu alitaka lazima ua, basi kulikuwa pareto, maana Kenya ilikuwa kwa miaka mingi mzalishaji wa kwanza wa pareto duniani. Na pareto ni ndugu wa krisantemu. Zamani wanasayansi waliiweka katika jenasi hiyo hiyo. Sisi wa Kivu tunaijua vizuri, ililimwa huku kwenye milima tangu wakati wa Wabeleji. Kumbe ua la Chicago na ua la shamba la Kenya ni wa ukoo mmoja, na mchoraji alipita kando bila kuona!

Tuwe wa haki: pareto nayo ilitoka Ulaya, pwani ya Dalmatia. Krisantemu ya Chicago asili yake ni Asia. Yasmini ya Hawaii pia ni ya Asia. Basi maua yote matatu ni wageni pale yanaposimamia, na kuna mtu anaweza kusema hiyo inamfaa sana mtoto wa baba wa Kenya aliyekulia Hawaii na Indonesia. Ningekubali, kama tablo ingenionyesha kwamba inajua hivyo. Lakini maua yote yanatokea kwenye ukuta ule ule wa majani, kama vile yanatoka kwenye mti mmoja. Majani ya agapanto ni marefu kama ukanda, yanatoka chini karibu na udongo, pale siyaoni. Udongo wenyewe hauonekani. Hakuna jani lililoliwa na mdudu, hakuna jani la manjano. Nimepita mashamba mengi, nawaambia: ukuta wa majani bila tundu hata moja ni kitambaa.

Na labda njo ilivyotakiwa. Wiley anajulikana kwa kuchora watu weusi wa leo mbele ya mapambo kama ya kitambaa, kwa mkao wa wafalme wa zamani. Lakini hapa kuna jambo la ndani zaidi. Wiley mwenyewe alizaliwa Los Angeles mwaka 1977, baba yake ni Mnigeria, na hakukua naye. Alipofika umri wa miaka 20 alisafiri mpaka Nigeria kumtafuta. Obama naye, baada ya utoto wake wa kwanza, alimuona baba yake mara moja tu, mwaka 1971, akiwa na miaka 10. Siku ya kufunua tablo, Obama alitaja kufanana huko yeye mwenyewe. Sasa fikiria: watu wawili waliokosa baba wa Afrika wanakaa pamoja kutafuta ua la kumsimamia huyo baba, na wanachukua lile ambalo ndani ya jina lake kuna neno Afrika. Siwacheki. Mtu ambaye hakuonyeshwa shamba la baba yake anachukua anachopata. Ila mchoraji wa uhalisia alikuwa na njia ya kuuliza, na Kogelo haijafichwa.

Ya Sherald niipitie haraka zaidi, ingawa kati ya hizi mbili naipenda zaidi hiyo. Ina sentimita 183 kwa 152. Michelle amekaa, mkono mmoja chini ya kidevu, na gauni linashuka pana chini kama mlima. Ngozi ni ya kijivu kwa sababu Sherald anachora hivyo watu wake wote. Rangi ya ngozi anaiondoa ili usiisome kwanza mbele ya mtu mwenyewe. Gauni lina mapambo ya maumbo ya kukatwa yanayokumbusha mablanketi ya vipande ambayo wamama weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, wanashona tangu zamani. Hayo yana mahali pake. Yana mikono iliyoyashona. Kwa hiyo hapa kitambaa kinasema ukweli wa udongo, na kule majani yanasema ukweli wa kitambaa. Ajabu kidogo.

Lakini sasa ziweke mbili kando kando, kama nilivyofanya kwenye telefone. Kule kijani kizito, huku bluu nyepesi tupu. Huyu ana ngozi ya kahawia yenye joto, yule ya kijivu. Nuru haitoki upande mmoja. Kila mmoja anakutazama weye, hakuna anayejua kwamba mwenzake yupo. Kwenye makumbusho yenyewe hazikuwekwa kando kando: mwaka 2018 tablo ya bwana iliingia katika ukumbi wa maraisi, na ile ya bibi ikawekwa sehemu nyingine ya jengo, kwani ukumbi ule ni wa maraisi tu. Zile za Ikulu hazisaidii. McCurdy kamweka Obama amesimama mbele ya weupe mtupu, bila hata ukuta, na Sprung kamweka Michelle kwenye kiti kirefu chekundu, na gauni la bluu. Ya Sprung walau ina chumba. Ya McCurdy ni safi mpaka inanitia baridi.

Dada mmoja wa promosyo yetu nilimwambia haya, akanijibu kwa ukali: "Mwanamuke akipata tablo yake peke yake, weye unataka kumurudisha kando ya bwana?" Swali zuri, tena zito. Michelle Robinson alikuwa mwanasheria wa Harvard, na mwaka 1989 Obama alipokuja kufanya stage kwenye ofisi yao Chicago, yeye njo alipewa kazi ya kumuongoza. Kumpa tablo yake ni heshima, hakuna ubishi. Lakini kuwa na tablo yako hakukatazi kuwa wawili. Mwaka 1634 Rembrandt alichora bwana na bibi wa Amsterdam, Marten Soolmans na Oopjen Coppit, kila mmoja kwenye kitambaa chake, wamesimama wima, ukubwa wa mtu. Yule bwana ananyoosha mkono kuelekea upande wa mke wake; mke anapiga hatua kuja upande huo. Ukizitenganisha, mkono unabaki hewani. Ufaransa na Uholanzi zilipozinunua pamoja mwaka 2016 kwa euro milioni 160, zilikubaliana kwamba zitaonyeshwa pamoja siku zote, mara Paris, mara Amsterdam. Nchi mbili zimekubali kusafirisha mizigo ile huku na huku ili bwana na bibi wasilale vyumba tofauti.

Sasa nitoke Washington, nirudi barabara ya Sake, maana huko njo nilijifunza kuangalia mambo haya.

Kuko mchoraji mmoja hapa kwetu, ana kibanda cha mabati. Anaandika majina ya maduka na ya dawa, anachora vichwa vya watu kwa ajili ya saluni za kunyoa, na anachora watu kutoka foto za telefone. Tangu watu walipoanza kushuka wengi toka Masisi na Rutshuru, wengine wakakaa huku upande wetu kwa ndugu, wengine kwenye makambi ya Lac Vert na Bulengo, alipata kazi ambayo yeye anaiita "kuunganisha". Mtu anakimbia, foto za harusi zinabaki nyumbani, nyumba inaungua. Anakuja na vipande: huyu kwenye telefone ya shemeji, yule kwenye karte. Anataka wawe wawili kwenye fremu moja, kubwa, ya kuweka ukutani, hata kama ukuta wenyewe ni bashi.

Siku moja alifika mama mmoja, mjane. Yeye alipigwa foto pale pale. Mume alikuwa kwenye karte ya uchaguzi ya mwaka 2011, uso mdogo kama ukucha. Mchoraji akauliza kwa heshima: "Mama, nimuzeeshe kidogo, mulingane?" Mama akasema: "Hapana. Ye alibakia pale. Miye njo niliendelea." Kisha akaongeza: "Nyuma yetu unitilie shamba letu."

Basi mchoraji akaniita, nilikuwa napita. "Mudogo, weye si ni agronomu? Kuya hapa. Maharagi ya kupanda iko na majani ya namna gani?" Nikamweleza: kikonyo kimoja, majani matatu, la katikati limesimama wima zaidi, na shina linazunguka fito upande mmoja tu, halibadilishi. Alikuwa ameanza kuchora fito zimepangwa vizuri kama kwenye kitabu. Mama akachungulia, akasema: "Kwetu hatukuwekaka fito. Maharagi ilikuwa inapanda ku mahindi." Mchoraji akafuta fito zote. Alipofika kwenye mkono wa mume, ule wa kushika bega la mama, hakuwa na foto yake, karte haina mikono. Akachora mkono wake mwenyewe, anautazama wa kushoto huku anachora na wa kuume.

Tablo ile, kama kazi ya brashi, ni dhaifu. Nasema wazi. Shingo ya bwana ni fupi, na tofauti ya umri inashtua mtu asiyejua. Mgeni anaweza kufikiri ni mama na mtoto wake. Mkono si wa mwenye mkono. Lakini kila jani pale nyuma lilipita kwa mama kwanza. Na wale wawili ni mume na mke, huwezi kukosea ukishaambiwa, kwa sababu wanashirikiana kitu kimoja: mahindi yao.

Tulipokuwa univ tulifundishwa kupima kilimo cha mchanganyiko. Wengi mnakumbuka. Unapanda mahindi peke yake kwenye kiwanja kimoja, maharagi peke yake kwenye kingine, na cha tatu vyote viwili pamoja. Kisha unauliza: ili kupata mavuno ya kile cha tatu, ningehitaji ardhi kiasi gani kama ningepanda kila kimoja mbali? Jibu likipita 1, mchanganyiko umezaa kitu ambacho vile viwanja viwili peke yake havina. Viwanja vya peke yake ni vya lazima, bila hivyo hakuna kulinganisha. Lakini hakuna professeur atakayekubali memware yenye viwanja vya peke yake tu na kichwa cha habari "mchanganyiko wa mahindi na maharagi". Atakurudisha shambani. Tablo za Obama na Michelle ni viwanja viwili vya peke yake, vimelimwa vizuri mno, na dunia yote imeviita picha za mume na mke.

Mchoraji anayeweza kuonyesha kile kiwanja cha tatu hasemi lazima furaha. David Hockney, Mwingereza, kati ya 1970 na 1971 alichora rafiki zake wawili, Ossie Clark na mke wake Celia Birtwell, karibu ukubwa wa mtu, kitambaa cha mita 3 kwa zaidi ya 2, leo kiko Tate, London. Bwana amekaa, miguu haina viatu, paka mweupe juu ya mapaja. Bibi amesimama, mkono kiunoni. Katikati yao kuko dirisha refu lililo wazi, na nuru inaingia pale. Wote wawili wanamtazama mchoraji. Hawagusani. Lakini lile dirisha ni la wote wawili, na nafasi ile kati yao unaihisi kama unavyohisi kimya cha watu walionuniana kwenye salon ukiingia ghafula. Ndoa yao ilivunjika miaka michache baadaye. Na dada wa promosyo yetu aangalie hapo: anayesimama na kushika chumba ni mwanamke.

Huku kwetu kuko JP Mika wa Kinshasa, aliyejifunza kwa Chéri Chérin. Mwaka 2014 alichora "Kiese na kiese", furaha na furaha, mwanamume na mwanamke, tablo ya zaidi ya mita moja na nusu, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier. Mika hachori kwenye turubai nyeupe. Anachukua kitambaa cha dukani chenye maua yake tayari, aina ile mama zetu wanakata kwa fundi, anachora watu juu yake na kuacha maua yabaki nyuma. Nayo ni majani bila udongo, sawa na ya Wiley, na hakuna aliyejaribu kuniambia kwamba ua lile ni la kijiji cha nani. Lakini kitambaa ni kimoja. Ukikikata katikati umekata nguo.

Kuna mara moja tu nilidhani tablo za Wiley na Sherald zimekaribia kuwa picha ya wawili, na si wachoraji waliofanya hivyo. Juni 2021 zilianza ziara ya miji ya Marekani, na mji wa kwanza ulikuwa Chicago, katika Art Institute. Ni makumbusho ambayo Barack na Michelle walitembelea siku ile ya kwanza kabisa walipotoka pamoja, mwaka 1989, mbele ya kwenda kuangalia filamu. Zilikaa pale kwa pamoja mpaka Agosti. Kisha zikafungwa kwenye masanduku yake, moja moja, zikaendelea na safari.